Mshale unapotea kila dada akienda kutoa kopi: uchambuzi wa kisa cha draiva ya grafiki

Kisa hiki, cha mshale wa mausi uliokuwa ukipotea kwenye kioo cha kompyuta, ni cha Julai 2017, katika duka moja la steshenari jijini Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Nimeondoa jina la duka, la mwenye duka na la wafanyakazi wake, na nimebadilisha mambo mawili matatu madogo yasiyogusa ufundi. Mama mwenye duka alikubali kisa kiandikwe kwa sharti moja tu: nisifiche kwamba na fundi alikosea. Sifichi.

## Duka na mashine zake

Duka lilikuwa na kompyuta tatu za mezani, zote za mtumba, zilizokwisha kutumika maofisini huko zilikotoka. Ya kwanza ilikaa kaunta. Ilikuwa na prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha tatu, na ilikuwa na akaunti mbili: ya mama kwa ajili ya hesabu zake, na ya dada wa zamu. Ya pili ilikuwa pacha wake, ila iliunganishwa na kioo cha zamani cha mraba kwa waya wa VGA. Hiyo ndiyo wateja walikodi kujazia maombi ya vyuo na mikopo. Ya tatu ilikuwa ya Core 2 Duo, mzee wa kazi, ikakaa nyuma pamoja na skana na printa. Zote zilitumia grafiki za Intel zilizomo ndani ya mashine yenyewe, bila kadi ya pembeni.

Walihamia mfumo endeshi wa Linux mwaka uliotangulia kwa sababu ya flashi. Aliyewahi kukaa steshenari anaijua hadithi: mwanafunzi analeta flashi, unaichomeka, unakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato, na kompyuta yako nayo imeshaambukizwa, mteja anayefuata anaondoka na ugonjwa. Nikawawekea Xubuntu 16.04, aina ya Linux ambayo ni nyepesi na haiwi mzigo kwa mashine ya miaka mingi, na LibreOffice ya kuchapia. Malalamiko yalikuwa ya kawaida (barua za watu kupangika vibaya zikifunguliwa kwingine), lakini virusi vya flashi viliisha.

Kipande kingine cha duka ambacho msomaji akikumbuke ni mashine ya kopi. Ni kubwa, ya zamani, na ilikuwa imechomekwa ukuta mmoja na kompyuta za mbele. Ikianza kupasha moto, taa ya duka hufifia kidogo kisha hurudi.

## Malalamiko yalivyonifikia

Simu ya kwanza ilikuwa hivi: "Fundi, mausi zako zinakufa." Nilipouliza ngapi, mama akasema zote tatu, kwa zamu. Kibodi inafanya kazi, kioo kinawaka, lakini mshale haupo. Wakizima kompyuta na kuwasha, mshale unarudi. Baada ya saa moja au mbili umepotea tena.

Kabla ya kunipigia walikuwa wameshafanya mambo matatu. Walinunua mausi mpya mbili. Walihamisha mausi kutoka tundu moja la USB kwenda jingine. Na waliita fundi umeme.

Fundi umeme aliitwa kwa sababu ya neno la dada wa zamu, ambaye ni mtu makini: alisema mshale haupotei ovyo, unapotea kila anapokwenda kutoa kopi. Akirudi kaunta, haupo. Mama akaunganisha na ile taa inayofifia, akaamua kwamba mashine ya kopi inanyonya umeme na kuzitesa kompyuta. Fundi umeme alipochungulia soketi naye aliona hivyo hivyo. Akavuta waya mpya na kuipa mashine ya kopi soketi yake ya peke yake. Taa ikaacha kufifia. Mshale ukaendelea kupotea.

Msomaji asicheke. Kitu kinachotokea kila mara baada ya kingine, mtu mwenye akili timamu atavihusisha. Dada aliona sawasawa. Kilichokosewa ni tafsiri.

## Siku yangu ya kwanza, na kosa langu

Nilifika asubuhi ya baridi ile ya Julai ambayo watu wa Mbeya tunaiamkia na sweta mbili. Duka limejaa vijana wa kidato cha sita, matokeo yameshatoka, kila mmoja ana bahasha. Sikuwa na muda wa kutafakari na wao hawakuwa na muda wa kunisubiri.

Nikauliza swali ambalo kila fundi huuliza: kuna kitu mlibadilisha? Mama akajibu kwamba Jumatatu ya wiki iliyopita, kompyuta ziliomba masasisho, naye akakubali. Basi. Nilikuwa nimepata mtuhumiwa. Masasisho yale yalileta keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, na keneli ndiyo inayobeba sehemu ya draiva ya grafiki, programu inayoiongoza chipu ya picha. Nikawasha mashine ya kaunta kwa keneli ya zamani kupitia GRUB, menyu inayotokea kompyuta inapowaka, mshale ukawepo. Nikafanya hivyo kwa zote tatu. Mishale mitatu, mizima. Nikanywa chai yao, nikapokea hela yangu, nikaondoka.

Kesho yake saa tano simu ikaita.

Kosa ni rahisi kuliona sasa. Walishaniambia kwamba kuzima na kuwasha kunarudisha mshale. Mimi nilizima na kuwasha, nikaona mshale, nikasema keneli ndiyo iliyoponya. Jaribio langu lisingeweza kushindwa hata kama ningewasha kwa keneli ya mwezini.

## Siku ya pili: kukaa na kutazama

Safari hii nilikwenda jioni, wateja wamepungua, nikaomba kiti. Sikugusa kitu. Nikamwambia dada afanye kazi zake kama kawaida, na mshale ukipotea asizime, aniite.

Ulipotea baada ya nusu saa hivi. Alikuwa ametoka kutoa kopi za vyeti vya mteja mmoja, akarudi, akaandika nywila, akashika mausi. "Huo, fundi, umekwenda."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Badala ya kuzima, aliendelea kufanya kazi. Alisogeza mausi polepole kuelekea juu ya dirisha la LibreOffice, macho yake yakiwa kwenye vitufe. Kitufe cha kuhifadhi kikawaka kidogo, kama vinavyowaka mshale ukipita juu yake. Akasogeza tena, cha kuprinti kikawaka. Akabonyeza. Printa ikaanza kunguruma. "Siku hizi naufuata kwa mwanga," akasema. "Siuoni lakini najua ulipo." Siku ya pili hiyo alikuwa akichapa barua za watu kwa njia hiyo, kwa sababu akizima kompyuta mteja hukasirika.

Hapo mausi, USB, waya na umeme vyote vilitoka kwenye kesi. Vitufe vinawaka, maana yake mausi inatuma habari, mfumo unazipokea, na unajua hasa mshale uko wapi. Kinachokosekana ni picha ya mshale peke yake.

Nikataka ushahidi zaidi. Kwa Alt na F2 nikafungua kisanduku cha amri na kuandika `xfce4-screenshooter -f -m`, amri ya kupiga picha ya skrini pamoja na mshale. Kisha nikapiga picha ya kioo kile kile kwa simu. Nikaziweka sambamba. Kwenye picha ya skrini mshale ulikuwepo, umetulia juu ya neno "Yah:". Kwenye picha ya simu, neno lipo, mshale haupo. Kompyuta iliapa kwamba inauonyesha na kioo kikakataa.

Ndipo nikauliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: "Ulipotoka kwenye kopi, uliandika nywila ya nini?"

"Si skrini inajifunga, fundi. Mama aliweka ijifunge, dakika tano."

"Lini?"

"Jumatatu ile."

Jumatatu ya masasisho. Siku hiyo hiyo mama alikuwa amewasha kufuli ya skrini, kwa sababu mteja mmoja alikaa kaunta akasoma cheti cha mwenzake kilichoachwa wazi. Kwake hilo halikuwa badiliko la kompyuta, lilikuwa utaratibu wa duka, kwa hiyo nilipouliza "mlibadilisha nini" hakulitaja. Na kazi pekee inayomweka dada mbali na kaunta zaidi ya dakika tano ni kutoa kopi.

Nikafunga skrini kwa makusudi kwa amri `light-locker-command -l`, nikaingia tena kwa nywila. Mshale umepotea. Nikarudia kwa mashine ya pili na ya tatu. Umepotea. Na kwa keneli zote mbili, mpya na ya zamani. Sasa nilikuwa na tatizo ninaloweza kuliita likaja, na hilo ni nusu ya tiba.

## Kinachotokea ndani

Hapa nitakaa kidogo, maana bila hii sehemu maamuzi ya mbele hayataeleweka.

Watu wengi hudhani mshale umechorwa ndani ya picha ya skrini, kama herufi. Kwa kawaida sivyo. Wenye steshenari nawaelezea hivi: chukua ukurasa uliochapwa, weka juu yake karatasi angavu ya leminesheni yenye mshale mdogo. Ukitaka mshale uhame, unatelezesha plastiki. Ukurasa wa chini hauchapwi upya. Chipu ya grafiki hufanya hivyo hivyo. Ina tabaka dogo la peke yake kwa ajili ya mshale, mara nyingi lenye ukubwa wa nukta 64 kwa 64, na mausi ikisogea inabadilishiwa tu nafasi yake. Huu ndio mshale wa kimaunzi, na faida yake ni wepesi. Njia nyingine ni mshale wa kiprogramu, unaochorwa kwenye ukurasa wenyewe na kufutwa na kuchorwa tena kila unapohama.

Ndiyo maana picha ya skrini na kioo vilipingana. Programu ya picha iliiomba seva ya X (programu inayosimamia kioo na mausi kwenye Linux) sura ya mshale, ikapewa, ikaubandika kwenye picha. Kioo kilionyesha kile ambacho chipu inatoa kweli, na chipu ilikuwa imeondolewa plastiki yake.

Nani aliiondoa? Linux huwa na konsoli kadhaa, yaani skrini unazohama kati yake kwenye kioo kimoja, na Xubuntu ile iliweka kazi ya mtumiaji kwenye konsoli ya 7. Programu yake ya kufunga skrini, light-locker, haichori kufuli juu ya kazi yako. Inamwita LightDM, mlinzi wa mlango, ambaye hufungua seva nyingine ya X kwenye konsoli ya 8 na kukuonyesha ukurasa wa nywila huko. Ukishaandika nywila, unarudishwa ya 7. Yaani kila kufunga na kufungua ni kuhama chumba na kurudi. Seva inayoondoka huachia chipu, inayorudi huishika upya na kupaswa kurudisha kila kitu mahali pake, plastiki ya mshale ikiwemo. Draiva ya `intel` iliyokuja na toleo lile ilirudisha picha na kusahau mshale.

Ushahidi wa vyumba viwili ulikuwa kwenye `/var/log`, folda ya kumbukumbu za mfumo: `Xorg.0.log` ya kazi ya dada, na `Xorg.1.log` iliyoandikwa saa ile ile skrini ilipojifunga. Na ndani ya ya kwanza, mistari ya grafiki ilibeba jina `intel(0)`, ikithibitisha draiva iliyotumika.

## Huduma ya kwanza

Duka lilikuwa linafunguliwa saa mbili asubuhi, na sikutaka kufungua mashine usiku. Niliwafundisha njia ya muda: mshale ukipotea, bonyeza Ctrl, Alt na F1 kwa pamoja, itatokea skrini nyeusi ya maandishi, kisha Ctrl, Alt na F7. Ukirudi kutoka kwenye konsoli ya maandishi, draiva ile ile ilipanga mshale upya.

Ilifanya kazi siku mbili. Nisingeiacha izidi hapo. Mteja mmoja kwenye mashine ya pili alikwama kwenye skrini nyeusi, akaona neno linaloomba jina, akaandika majina yake matatu kamili na namba yake ya mtihani. Dada alipofika kumsaidia, kijana alikuwa anatetemeka akidhani amefuta maombi yake.

## Maamuzi, moja baada ya jingine

Kuzima kufuli kabisa kungemaliza tatizo siku hiyo hiyo, na mama alipendekeza hivyo. Nilimkatalia. Sababu ya kuiweka ilikuwa nzuri, na vyeti vya watu vilikuwa bado vinapita kaunta.

Zilibaki njia mbili za maana. Ya kwanza, kubadilisha draiva. Tangu toleo la 1.17 la mwaka 2015, seva ya X hubeba ndani yake draiva ya jumla iitwayo `modesetting`, na mwaka 2016 Debian, Linux ambayo Xubuntu inatokana nayo, ilianza kuitumia badala ya `intel` kwa chipu za Intel za kizazi cha nne cha grafiki na kuendelea (hesabu hii ni ya grafiki, si ile ya Core i3). Zetu zote ziliingia humo, hata ile ya Core 2 Duo. Ya pili, kubadilisha programu ya kufunga skrini, kuweka xscreensaver, ambayo huchora kufuli juu ya seva ile ile bila kuhama konsoli.

Tulianza na mashine ya kaunta, mimi na kijana ninayemfundisha kazi. Nilimwambia aandike faili `/etc/X11/xorg.conf.d/20-intel.conf`. Tukaongeza na mshale wa kiprogramu, eti tujihami pande zote mbili:

```
Section "Device"
    Identifier "Intel"
    Driver     "modesetting"
    Option     "SWcursor" "on"
EndSection
```

Kijana alisahau mstari wa mwisho. Seva ya X ilikataa kuwaka, kioo kikawa cheusi, na mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe. Konsoli ya maandishi ndiyo iliyotuokoa: Ctrl, Alt na F1, tukaingia, tukaongeza `EndSection`, tukaandika `sudo systemctl restart lightdm`. Dakika kumi kwa saa, lakini kwa mama ilikuwa asubuhi nzima.

Ikawaka. Tukafunga skrini na kufungua mara kumi, mshale haukupotea hata mara moja. Ila sasa ulikuwa unapepesa. Dada alipokuwa akichapa, au akisogeza ukurasa, mshale ulizimika na kuwaka kama taa ya bajaji mbovu. Ndivyo mshale wa kiprogramu ulivyo: kila kinachochorwa chini yake kinaulazimisha kufutwa na kuchorwa upya.

Ikanibidi nicheke mwenyewe. Wiki nzima tulisumbuliwa na mambo mawili yaliyobadilishwa siku moja, na mimi nikabadilisha mawili kwa faili moja. Nilifuta mstari wa `SWcursor`, nikaacha `modesetting` peke yake, tukarudia mara kumi. Mshale ulibaki, na haukupepesa. Draiva ilitosha.

Kwa mashine hii sikuiwekea xscreensaver kwa sababu ya zile akaunti mbili. Mama akitaka kuangalia hesabu zake hubadilisha mtumiaji bila kumfungia dada kazi, na kubadilisha mtumiaji nako ni kuhama konsoli. Kufuli mpya isingegusa njia hiyo. Draiva mpya iligusa zote.

## Mashine ya pili na ya tatu

Faili lile lile kwenye mashine ya pili lilirudisha mshale na kuharibu kioo. Herufi zilikuja kubwa, picha imeminywa kwenye 1024 kwa 768. Kioo kile cha mraba kilikuwa hakijitambulishi vizuri kwa kompyuta, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimeandika skripti ndogo ya `xrandr`, amri ya kupanga vioo, ya kukilazimisha 1280 kwa 1024 kila mashine inapowaka. Skripti ilitaja tundu la kioo kwa jina la `VGA1`. Draiva ya `intel` huliita hivyo. `modesetting` huliita `VGA-1`. Kistari kimoja tu, na skripti yangu ikawa inaongea na tundu lisilokuwepo. Kulirekebisha kulichukua sekunde. Kukumbuka kwamba niliwahi kuandika skripti hiyo kulichukua karibu saa nzima, maana sikuwa nimeiandika popote.

Ya tatu, yule mzee, haikuipenda `modesetting`. Mshale ulikuwa salama, lakini kusogeza kurasa za PDF zilizoskaniwa kukawa kuzito mpaka macho yanaona. Draiva hiyo huchora kwa kupitia OpenGL, njia inayoitegemea chipu ya grafiki, na grafiki za umri ule huhema. Nilifuta faili, mashine ikarudi kwenye `intel`, kisha nikaondoa light-locker na kuweka xscreensaver. Ina akaunti moja tu, hakuna wa kubadilishana naye. Ukurasa wake wa nywila una sura ya zamani, dada akauita wa kutisha, lakini mshale ulikaa.

## Matokeo

Nilipita tena Septemba, kisha Januari. Kompyuta zote tatu zilikuwa zinajifunga kila baada ya dakika tano, na hakuna aliyekuwa amepoteza mshale. Jambo moja jipya lilijitokeza kaunta: mama akicheza video za kwaya, picha ikienda kasi ilionekana kukatika kwa mlalo. Draiva ya `intel` ilikuwa na mpangilio wa kuzuia hilo, na `modesetting` ya wakati ule haikuwa nao. Nilimweleza, akasema kwaya anaisikiliza zaidi kuliko kuitazama. Tukaiacha.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilianza na dada. Mtu wa duka aliyesema "unapotea nikienda kutoa kopi" alitoa taarifa bora kuliko zote nilizopata, bora kuliko logi, na sote watatu (mama, fundi umeme na mimi) tuliisikiliza vibaya. Mama na fundi umeme waliichukua kwa uzito lakini wakashika mashine ya kopi badala ya muda wa kuwa mbali. Mimi nilifanya vibaya zaidi: niliipuuza kwa sababu haikufanana na lugha ya kompyuta. Ningemuuliza tu aigize kuanzia kuondoka kaunta mpaka kurudi, neno "nywila" lingetokea siku ya kwanza.

Swali la "mlibadilisha nini" lilinipoteza. Mwenye kompyuta huhesabu mabadiliko kwa kipimo chake. Masasisho yalitajwa kwa sababu yalikuja na kisanduku cha kubonyeza. Kufuli haikutajwa kwa sababu ilikuwa uamuzi wake mwenyewe, na una sababu. Siku hizi nauliza, "Siku hiyo ilikuwaje hapa dukani?" nikaacha watu wasimulie.

Jaribio la keneli lilikuwa takataka, na nimeshalisema. La muhimu ni kwamba lilinigharimu kwa sababu tatizo lilikuwa linarudi lenyewe baada ya muda. Kwa matatizo ya aina hii, kabla ya kutibu lazima ujue namna ya kuliamsha. Tulipoweza kulileta kwa amri moja, kila dawa ilipimwa ndani ya dakika mbili badala ya kusubiri simu ya kesho.

Picha mbili zilizowekwa sambamba nazitumia mpaka leo, na kwa fundi mwenzangu hiki ndicho kifaa cha kuchukua. Mshale ukiwepo kwenye picha ya skrini na usionekane kwenye kioo, tafuta kwenye draiva na tabaka la mshale. Usipokuwepo kote kuwili, tafuta juu zaidi: mandhari ya mishale, au programu inayouficha makusudi. Hata kwa wanaotumia Wayland, mrithi wa seva ya X, sasa tabaka hilo lipo. Kwenye mazingira yaliyojengwa juu ya wlroots (maktaba ya Wayland) wengi huzima mshale wa kimaunzi kwa `WLR_NO_HARDWARE_CURSORS=1`, na kwenye mazingira ya KDE kwa `KWIN_FORCE_SW_CURSOR=1`. Ni njia nzuri ya kupima. Kama dawa ya kudumu siipendi, kwa sababu ya ule upepesaji.

Kuhusu kutotumia dawa moja kwa mashine zote tatu, nimebishana na wenzangu. Wanasema duka lenye mipangilio mitatu tofauti ni mtego kwa fundi atakayekuja. Wana hoja, na skripti yangu ya `VGA1` inawaunga mkono. Lakini mzee yule asingefanya kazi ya skana kwa draiva ile, na kumnunulia mama mashine mpya halikuwa jibu la mshale. Nilichofanya ni kuandika kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi iliyopigwa leminesheni, draiva na kufuli ya kila mashine, na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Kistari cha `VGA-1` nimekizungushia duara.

Hela ya mausi mbili mama hakuwahi kuilalamikia, maana mausi huharibika na zilitumika. Ya fundi umeme aliitaja mara kadhaa. Soketi ya peke yake ya mashine ya kopi bado ipo ukutani, na nilipopita mara ya mwisho ilikuwa imechomekwa birika la chai.